Boti Iliyoinua Pua

Miaka miwili ya kwanza nilipoendesha boti ya kikundi cha wanunuzi wa samaki kwenye Ziwa Kitangiri, muda wote boti ile ilinitia kinyaa. Sisemi harufu tu, ingawa harufu ilinifuata mpaka kitandani na mke wangu akawa analala amegeukia ukutani. Nasema jinsi ilivyokuwa inakwenda. Ukiongeza mwendo, pua inapanda juu, nyuma kunazama, na mbele huoni kitu zaidi ya mbao na mbingu. Halafu inaanza kudunda. Yale maji yaliyotuama chini, yenye damu ya kambale, magamba na petroli, yote yanakimbilia nyuma, miguuni kwangu.

Sababu niliijua. Mashine inashikwa nyuma ya boti na bano la chuma, na kwenye bano hilo kuna matundu matano ya kuchomeka pini. Tundu unalochagua ndilo linaloamua mashine isimame wima au mguu wake utokeze nje. Kiangazi kimoja, maji yalipopungua, fundi aliihamishia pini tundu la mwisho kwa nje ili panga la mashine lisichimbe tope karibu na nchi kavu. Mvua zikaja, ziwa likajaa, pini ikabaki palepale. Nguvu ya mashine ikawa inaishia kuinua pua ya boti badala ya kuisukuma mbele.

Nilimwambia mwenyekiti wa kikundi, mara mbili.

"Wewe si ulikuwa unatengeneza pikipiki kule Iguguno?" alinijibu. "Haya ya majini waachie wenyewe."

Ukweli ni kwamba alipenda ile pua iliyoinuka. Alikuwa anasimama mbele, kashika kamba, kifua wazi, watu wa ng'ambo wamwone anavyoingia. Nilikuwa nimeshazoea kukunja suruali.

Siku moja tulimpakia bibi mmoja aliyekuwa anakwenda msibani kwa mdogo wake, ng'ambo. Alivaa kanga mpya, doti nzima, na kitambaa cheupe kichwani. Vijana wa kikundi walikuwa wamejaa katikati, kwa hiyo akakaa nyuma, karibu yangu, juu ya ndoo iliyofunikwa. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, akaniuliza habari za watoto. Sikumwambia ahame. Hilo nalikumbuka kuliko mengine yote.

Tulipotoka kwenye matete, mwenyekiti akapiga kelele, "Kanyaga!" Nikaongeza mwendo. Pua ikapanda. Bibi akateleza kutoka kwenye ndoo, akakaa kitako katika yale maji, na ndoo nayo ikapinduka. Ilikuwa na matumbo ya samaki ya tangu jana yake. Yalimmwagikia mapajani, mengine yakanasa kwenye kitambaa cheupe alipojaribu kujifuta.

Mwenyekiti aligeuka, akatazama, akacheka. "Bibi, hiyo ndiyo pafyumu ya ziwani!"

Vijana wakacheka. Na mimi nikacheka. Sijui kwa nini. Kicheko kilinitoka kama mtu anavyobeua.

Tulipofika, bibi alishuka mwenyewe, akakataa mkono wangu. Alijiosha ukingoni kwa muda mrefu, lakini harufu ya matumbo ya kambale haitoki kwa maji. Kisha akanisogelea. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, hii boti kila siku inakwenda hivi?"

"Ndiyo, bibi."

"Ulikuwa hujui sababu, au ulikuwa hujali?"

Akaondoka kupanda kilima kwenda msibani, kanga imemganda miguuni, na nilimwona mwanamke mmoja aliyekutana naye njiani akiziba pua.

Mwenyekiti na vijana walikwenda kununua samaki. Nikabaki peke yangu na lile bano. Pini ilikuwa imeshikwa na kutu na utelezi wa samaki uliokauka ukawa kama gundi. Niliigonga na jiwe mpaka ikatoka, nikaisogeza matundu matatu kwa ndani, nikaenda kujaribu. Nilikuwa nimezidisha. Sasa pua ilichimba maji, usukani ukawa mzito, boti inavuta upande mmoja. Nikarudi, nikaisogeza pini tundu moja kwa nje. Safari hii pua iliinuka kidogo tu, kisha ikashuka, boti ikatulia juu ya maji na kukimbia bila kudunda. Niliona mbele, matete yote mpaka upande wa pili. Kazi nzima haikufika nusu saa. Nusu saa! Nilizima mashine katikati ya ziwa, nikatema mate majini.

Tulivyorudi, mwenyekiti alisimama mbele kama kawaida yake. Pua haikupanda. Alinigeukia mara tatu.

"Umefanya nini?"

"Nimesogeza pini."

"Nani kakuruhusu?"

Nikakaza macho mbele, na yeye hakuendelea, kwa sababu vijana walikuwa wamekaa wakavu na wanasifu. Wiki iliyofuata nilimsikia mwenyewe akiwaeleza wanunuzi kutoka Kiomboi kwamba mashine inataka pembe yake, na kwamba yeye ndiye aliyeagiza irekebishwe. Alikuwa anaonyesha kwa kiganja jinsi mguu wa mashine unavyotakiwa kukaa. Alikuwa anaonyesha kinyume.

Bado naendesha boti ile. Inakwenda vizuri. Bibi hajaipanda tena. Siku hizi anazunguka ziwa kwa bodaboda, njia ndefu yenye vumbi. Mwezi uliopita nilimkuta gulioni amekaa na mafungu yake ya viazi vitamu. Nikainama nikamwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akasema, kisha akauvuta mfuko wake upande wa pili na kumuuliza mteja aliyekuwa nyuma yangu anataka fungu lipi.