Mlango wa Kutokea Njiani

Siku ile naikumbuka vizuri sana, mwanangu. Bibi yako, mama yangu mzazi, aliteleza kwenye ngazi za udongo za kwake kule juu kilimani, akavunjika nyonga. Masika ya hapa Mgwashi unayajua. Alipotoka hospitali hakuweza tena kupanda mpaka nyumbani kwake, nami nikasema basi, namwongezea chumba ubavuni mwa nyumba yangu, usawa wa ardhi, asipande wala asishuke.

Nilikuwa kijana mwenye nguvu na kiburi changu, napeleka kabichi Dar, nimeona nyumba za watu. Nikaweka marumaru, choo cha ndani, vyuma vya kushikilia ukutani, dirisha kubwa la kutazama bonde. Mlango wake ukafungukia sebuleni kwetu, palipokuwa na makochi mapya ya mama yako na vitambaa vyake vyeupe. Simsingizii mama yako. Ramani ilikuwa yangu.

Bibi yako aliingia na mkongojo wake, akashukuru, kisha akaangaza huku na huku. "Baba, mlango wa kutokea njiani uko wapi?"

"Mama, unakwenda wapi tena? Kila kitu kimo humu ndani."

Akaketi kitandani, akaulaza mkongojo kando. Nikadhani ameridhika, mjinga mimi.

Kule juu, jiko lake lilikuwa kando ya njia ya kwenda shambani. Kila aliyepita aliita "Onga maundo!", salamu yetu ya asubuhi, akaingia na jembe lake, akaota moto, akamsaidia kupukuchua maharage huku wakisengenya watu kidogo. Sasa wafikirie watu hao hao wametoka shamba, mabuti yamejaa matope, wanakuta sakafu inang'aa na makochi yale. Bibi Mariamu, jirani yetu na rafiki yake tangu usichana, alikuja na ungo wa maharage. Akatazama sakafu, akatazama miguu yake, akamkabidhi mama yako ungo pale mlangoni, akaondoka. Wengine hata mlangoni hawakufika.

Njia ilipita nyuma ya ukuta wa chumba chake. Asubuhi moja nilimkuta ameegemeza kiganja ukutani, anaitikia salamu za wapita njia waliokuwa wakisalimiana wenyewe kwa wenyewe. Anaitikia kwa sauti, na huko nje hakuna anayemsikia. Loo! Na bado nikamwambia, "Masika yakiisha nitamwita fundi atoboe mlango." Masika yakaisha. Nikasema kabichi kwanza.

Bibi Mariamu ndiye aliyenisimamisha njiani. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Akasema, "Mama yako yu hai, nasi tumeshaanza kumkumbuka. Chumba kile umemjengea yeye, au umejijengea sifa?" Mtu mzima kukunyima marahaba si jambo dogo, mwanangu. Nilimwita fundi wiki ile ile.

Lakini bibi yako alikuwa ameshashikwa na kichomi, yuko hospitali. Fundi akatoboa ukuta, akapachika mlango mpana unaotazama njia, mama yako akaupaka rangi ya bluu aliyoipenda bibi yako. Tukawa tunamsubiri arudi auone. Alirudi ndani ya jeneza, na mlango ule yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuupitia, amebebwa. Nyuma yake wakaingia majirani wote. Mvua ilikuwa inanyesha, matope yakajaa kwenye marumaru mpaka sebuleni. Mama yako hakushika fagio siku ile. Nililia, na mpaka leo nikiuona mlango ule moyo unaniuma.

Sasa umenionyesha kwenye simu ramani ya chumba unachotaka kumwongezea mama yako, kwa kuwa magoti yake yamechoka. Kizuri, hakina ngazi, nakusifu. Lakini usimwite fundi bado. Nenda jikoni, keti naye, umuulize akiamka asubuhi anataka kumwona nani, na huyo mtu ataingilia wapi bila kuona haya. Kuta uzipange baada ya jibu lake. Na akikuomba kitu usimwambie asubiri masika yaishe, maana wewe una masika mengi mbele yako, yeye hana.

Mungu akubariki, mwanangu, akupe mikono ya kujenga na masikio ya kumsikia mama yako. Na sakafu ya nyumba yako isikose matope ya majirani.