Kipa Aliyekataa Kuvua Jezi

Ewald Sobottka alilinda lango la timu ya mgodi wa Agathe kwa misimu mitano, na wachimbaji wa makaa wa hapa Ruhr, Ujerumani, wanaukumbuka mchezo mmoja tu.

Alishuka mgodini akiwa na miaka kumi na minne. Vita vikamchukua, kisha kambi ya wafungwa huko Urusi. Aliporudi mwaka 1947 akashuka tena, na vumbi la mawe likaanza kumkaa kifuani. Kilichomtoa chini ni mpira. Desturi ilikuwa hivi: mwenye jezi ya timu ya kwanza hupewa kazi juu ya ardhi, na akiipoteza nafasi, hurudi shimoni. Haikuandikwa popote. Sobottka alipewa chumba cha taa, akawa anazikagua taa za wenzake wanaoshuka.

Daktari wa mgodi alimwambia waziwazi, mkewe Hedwig akisikia: "Ukibaki juu, utazeeka. Ukirudi chini, siwezi kukuahidi kitu."

Mei 1953, siku ya mwisho ya msimu, timu ilihitaji sare tu isishuke daraja. Sobottka alikuwa na miaka thelathini na nne, na wakubwa wa klabu walikuwa wameanza kuulizia kipa mwingine. Siku hizo hapakuwa na mchezaji wa akiba. Kipa akiumia, alimvulia jezi mwenzake, yeye akaenda kusimama pembeni ya uwanja kujaza idadi.

Muda mfupi kabla ya mapumziko aliruka kudaka krosi, akaangukia mkono wa kushoto. Beki wake, Lothar Gralla, ambaye mazoezini alikuwa akikaa golini bila kuaibika, alimfikia wa kwanza.

"Lete jezi."

"Rudi kwenye nafasi yako."

"Mkono unaning'inia kama sungura buchani, Ewald!"

"Umeteguka tu. Nikivua leo, sitavaa tena. Unalijua hilo."

"Na tukishuka daraja je? Sote tunarudi chini, mjinga wewe!"

Mwamuzi akapuliza filimbi, mchezo ukaendelea. Wakati wa mapumziko kocha Brockhoff alimuuliza kama anaweza. Sobottka akasema anaweza. Brockhoff aliutazama ule mkono uliovimba, akawasha sigara, asimuulize tena.

Kipindi cha pili alidaka kwa mkono mmoja, akipangua mipira mingine kwa goti na kifua. Nyuma ya goli wachimbaji walicheka, kwanza kwa mapenzi.

"Sobottka! Huo mwingine umemwachia mkeo?"

"Hata marehemu bibi yangu angeudaka ule!"

Dakika za mwisho, timu zikiwa bado sare, ikapigwa kona. Mpira ulikuja taratibu, juu kidogo ya kichwa chake, mpira wa kudakwa na mtoto. Aliinua mikono yote miwili. Mmoja ulifika. Mpira ukapita juu ya vidole vya ule mwingine, ukadunda mara moja, ukaingia. Safari hii hakuna aliyecheka.

Klabu ilishuka daraja, fedha za kuwalipa wachezaji kazi za juu zikakatwa, na kufikia vuli karibu wote walikuwa wamerudishwa shimoni. Gralla naye. Mkono wa Sobottka ulipona ukiwa umepinda; wakamweka huko chini kwenye mkanda wa kubebea makaa, mahali penye vumbi kuliko pote.

Baada ya zamu, chini ya mabomba ya maji ya moto, wachimbaji husuguana migongo. Mtu husema "mgongo" tu, na aliye karibu hushika kitambaa. Sobottka alisema mara mbili tatu, wakageukia kwingine. Akaacha kusema. Alirudi nyumbani na mgongo mweusi, na Hedwig akausugua jikoni.

Ilikuwa hivyo hadi majira ya baridi alipoanza kuinama ukutani kukohoa kabla hajamaliza kuoga. Siku moja Gralla akachukua kitambaa.

"Geuka."

Alisugua kwa nguvu, kama anayekwangua kutu.

"Ungenipa ile jezi."

"Ungeudaka ule?"

"Sijui. Lakini mikono ningekuwa nayo miwili."

Sobottka aliinamia ukuta, akakohoa. Alikufa Februari 1958, akiwa bado hajafikisha arobaini. Gralla alikuwa zamu ya asubuhi siku ya maziko, hakuomba ruhusa ya kwenda kuzika.