Desemba za Majaribio

Tarehe tisa Machi, asubuhi, nilifiwa na mke wangu. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi michache tangu astaafu ualimu wa shule ya msingi. Mimi ni seremala hapa Nzuguni, niliishia darasa la saba, na kusifu watu kwa maandishi sikuzoea. Nitaandika tu alivyofanya.

Miaka mitatu kabla ya kustaafu alikwenda kuuliza pensheni yake ya mwezi itakuwa kiasi gani. Aliporudi hakulalamika. Alisema, "Desemba hii tutaishi kwa hiyo hiyo. Tukishindwa, bora tushindwe mshahara ukiwa bado upo."

Alichoogopa ni kimoja: kuwapigia watoto simu kuomba hela ya unga. Alikuwa ameona walimu wenzake wakifika huko, baada ya kumaliza kiinua mgongo kwenye nyumba ambazo hazikufika hata kwenye lenta, pale juu ya madirisha.

Nilimcheka. Nikawa namwita Mama Mstaafu.

"Hata watoto wa darasa la saba wanafanya mtihani wa majaribio," alinijibu. "Cheka, lakini unga upime vizuri."

Desemba ile fedha iliisha tarehe ishirini na moja, na kosa lilikuwa langu. Kamati ya harusi ya mtoto wa jirani ilinisimamisha mbele ya watu nitaje mchango. Nikataja mkubwa, kisha nikaulipa kwa fedha ya chakula bila kumwambia. Alipogundua hakugomba.

"Sasa sijui," alisema, "kama pensheni ndiyo ndogo, au wewe ndiye mkubwa."

Harusi nyingine ilipokuja, alisimama yeye. "Mwenyekiti, sisi tunajifunza kustaafu. Tutatoa kidogo, na mimi nitakuja kupika."

Watu wakaangua kicheko. "Mwalimu, umeshastaafu kabla ya siku yako?"

"Nikisubiri siku yenyewe nitakuwa nimechelewa."

Nilitazama sakafu. Siku ya harusi alichambua mchele tangu alfajiri, na mimi nilikaa mbali naye, kwa sababu niliona aibu. Leo aibu niliyonayo ni ya kukaa mbali.

Desemba ya pili tulifika tarehe ishirini na saba. Ya tatu tuliimaliza, na unga ukabaki kidogo. Kiinua mgongo kilipotoka alibadilisha mabati yaliyokuwa yanavuja, kilichobaki akakiacha benki. Mwezi wa kwanza bila mshahara nilisubiri tuanze kuhangaika. Hatukuhangaika. Tulikula tulichokuwa tukila, akalala usingizi wake wote. Sijaona mtu akiingia uzeeni bila kelele namna ile.

Sasa naishi kwa randa yangu. Mwezi wenye kazi chache nanunua vichache.

Juzi mwanangu mkubwa alipiga simu.

"Shikamoo baba. Nikutumie ngapi?"

"Marahaba. Usitume, ya mwezi huu ipo."

"Ipo kweli, au unanionea aibu?"

"Ipo."

Akauliza nimekula nini. Nikamwambia ugali na mlenda, nimepika mwenyewe, na chumvi imezidi.