Mianzi Thelathini ya Shina Moja

Papa alirudi mapema mno, na hapo ndipo nilipoanza kukosa raha. Yeye alikuwa msusi wa vikapu kutoka Butembo, aliyehamia Bwera, na sokoni kila mtu alimwita Papa, yaani baba. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, ingawa yeye aliniita mwalimu, katikati ya miaka ya 2010, nikichunguza mianzi ya msituni. Goti langu lilikuwa limevimba baada ya kuteleza kwenye tope, basi asubuhi ile nilimtuma apande peke yake mlimani, juu ya Mahango, akaniletee majani ya mianzi. Kazi ile ilitaka siku nzima. Saa tano alikuwa amekwisha shuka.

“Mama mwalimu, bahasha beko thelathini! Yote iko na majani.”

“Ulitembea mbali, papa?”

“Mbali ya nini? Mianzi iko pale imesimama kama batu kwa misa. Ulisema kila bahasha, muti ingine. Nilikata huyu, nikakata ingine, nikakata ingine.”

Alicheka. Mimi nilikaa.

Kosa lilikuwa langu. Kwa msusi, kila fimbo ya mwanzi ni mti unaojitegemea: huikata peke yake na kuipasua peke yake. Lakini shina la mwanzi hutambaa chini ya udongo na kuchipua fimbo hapa na pale, kama nyumba moja yenye milango mingi. Fimbo thelathini zilizosimama pamoja huenda ni mmea mmoja tu. Nami nilitaka kujua kama mianzi ya mlima ule ina vinasaba vya namna moja au vya namna nyingi. Jambo hili si dogo. Mwanzi huchanua baada ya miaka mingi, kisha hufa, na mimea ya uzao mmoja huweza kufa kwa pamoja. Mlima wenye uzao mwingi hubaki na wa kuendeleza msitu.

Msimamizi wangu alitaka mimea kumi na mitano iliyo mbalimbali, na mahali pa kila mmoja pawe pameandikwa. Kibali cha kuingia hifadhini kilikuwa kinaisha kesho yake, saa kumi alasiri.

Kesho yake alfajiri tukapanda pamoja, goti nimelifunga kitenge. Sheria mpya ilikuwa rahisi: hatua mia mbili au korongo moja kati ya jani na jani. Papa alihesabu kwa Kifaransa, kwa sauti, akipotea kila alipopiga chafya. Askari wa hifadhi alitufuata nyuma.

“Mwalimu, hawa mianzi wako unawatafutia ndugu ama wachumba?”

“Afande, usiniharibie hesabu!” Papa alifoka. “Sasa nirudi chini nianze tena?”

Nilitazama saa kila baada ya dakika tano. Mvua ikaanza. Bahasha ya kumi na moja, ya kumi na mbili. Ya kumi na nne niliifunga nikiwa nimeiinamia, isilowe.

“Saa kumi, mwalimu. Toka,” afande alisema.

“Mmoja tu, ule ng'ambo ya mto.”

“Kibali imesema saa kumi. Toka.”

Papa akasema anaenda haja kidogo. Alirudi amelowa hadi kiunoni, na njiani, afande akiwa mbele, akavua kofia. Ndani mlikuwa na jani.

“Ya ng'ambo,” alinong'ona. “Huyu si ndugu ya bale.”

Nililitamani jani lile kuliko chakula. Lakini lilikatwa baada ya muda wa kibali kwisha, na mahali pake sikupaandika. Nikilitia kwenye bahasha, ningekuwa nimeudanganya mlima wenyewe.

“Asante sana, papa. Hili siwezi kulihesabu.”

“Basi nitalifungia chumvi,” alisema, amenuna.

Jioni hiyo nilishuka Kasese na bahasha zangu kumi na nne, na kabla hata ya kubadili nguo nikaandika barua ya kuomba kibali kipya, cha siku moja, kwa ajili ya mwanzi mmoja.