Unga kwenye Nywele

Nikipita karibu na mashine ya kusaga hapa Karatu, harufu ya unga hunirudisha kwenye lile igizo la shuleni. Mwalimu alitaka tuonyeshe maisha ya nyumbani kwetu, nami nikapakwa unga kwenye nywele niwe bibi anayewaita wajukuu wafunge ndama. Sisi Wamaasai jina la marehemu hatulitaji, hilo nililijua. Lakini nilipoona wazazi walivyojaa, maneno yakanipotea, nikaita jina la kwanza lililonijia: la dada yangu, tuliyemzika kabla ya mvua.

"Abee, bibi!" sauti ikaitika nyuma ya shuka tulizotundika kama pazia.

Watu wakashangilia. Huko nyuma hakukuwa na mtu. Waigizaji wote tulikuwa mbele. Mama, aliyetoka Olbalbal kuja kunitazama, akapanda jukwaani na kuninong'oneza, "Mwambie arudi akalale, mwanangu. Wewe ndiye uliyemwita."

Niliona aibu mbele za watu, nikaendelea na igizo bila kumwambia.

Jana binti yangu, anayesoma shule ile ile, alirudi na unga kwenye nywele. "Mama," akaniuliza, "yule anayeitika nyuma ya pazia ni nani?"