Nilimfungia Mzee Blanketi Nje ya Kompyuta Yake

Ndugu zangu, kosa ni langu na sitafuti wa kugawana naye. Nimekaa nalo miaka mingi. Huwa linanichekesha nikiwa peke yangu jikoni, halafu kicheko kinakatika naona aibu. Leo nalitoa.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila mwenye malori mawili ana kampuni. Nilikuwa karani wa kampuni ya usafirishaji pale Makambako. Tulibeba viazi na mbao za Njombe kupeleka Dar. Bosi wetu nitamwita Haji, mtu wa Tanga, mpole, aliyeishi kwetu muda mrefu bila kupatana na baridi. Alikuwa na koti la sufu la mtumba, zito, linafika magotini, halimtoki hata jua likiwa utosini. Madereva walimwita Mzee Blanketi. Nyuma ya mgongo wake, bila shaka.

Ofisini kulikuwa na kompyuta moja kubwa, na nyingine mbili ndogo zilizokuwa zikichota habari kwenye hiyo kubwa. Humo ndimo tulimoweka habari zote za mizigo: viazi vya nani vimo lori gani na vinashushwa soko gani. Ilikuwa inaganda kila wiki. Mimi nilikuwa nimetoka kozi Iringa na sidii ya Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, ndani ya mkoba, na nilikuwa nimepagawa nayo kuliko mchumba.

"Wanauzaje?" Haji akauliza.

"Hawauzi, Haji. Ni bure. Wameitengeneza watu wengi duniani, na ukitaka unaruhusiwa kuifungua uone ilivyo ndani."

"Mwanangu, mimi ni mfanyabiashara. Cha bure huwa kinaumwa."

Nikambembeleza wiki nzima. Mwishowe akasema, "Haya, weka. Ikienda vizuri mpaka msimu wa viazi uishe, ile ofisi ninayofungua Njombe utaisimamia wewe."

Njombe! Kwetu, nyumbani kwa mama! Nilitoka pale miguu haigusi chini.

Nikahamisha kila kitu, na kweli ikafanya kazi. Haikuganda tena. Nilikuwa naipitia asubuhi naipigapiga mgongoni kama mtoto aliyekunywa uji akamaliza.

Sasa ule mfumo wa zamani tulikuwa tunauwasha tu, hauulizi kitu. Huu ulitaka neno la siri. Nikaandika: mzeeblanketi. Nilicheka mpaka nikashika meza. Na hapa ndipo penye dhambi yenyewe, naomba mnielewe: sikumwambia mtu yeyote lile neno. Nilipenda kuombwa. "Dada, tufungulie." Nawaambia subiri. Mhasibu anataka kuona mizigo, subiri, namalizia chai. Dereva yupo mlangoni na ufunguo wa lori mkononi, subiri. Kitu kilichotengenezwa kiwe cha watu wote, mimi nikakifanya duka langu.

Ukafika msimu wa viazi. Binamu yangu akawa anaolewa kijijini, nje kidogo ya Njombe, nikaomba ruhusa. Kompyuta niliiacha imefunguliwa, nikajiambia nitarudi niikute hivyohivyo.

Tumetoka kanisani, ngoma imeanza, nipo katikati nimejifunga kanga kiunoni, nikaona lori letu linaingia uwanjani. Ni Sanga, dereva wetu aliyekuwa akikusanya viazi upande ule.

"Kamwene, dada. Mzee anakuita kwenye redio."

Malori yetu yote yalikuwa na redio koli, na ukisema kitu kwenye moja wanasikia wote njia nzima. Nikapanda. Wageni wa harusi nao wakalizunguka lori kuona bibi mkubwa wa kompyuta anavyotafutwa. Mchungaji alikuwa mbele.

"Umeme ulikatika," sauti ya Haji ikasema. "Umerudi, mashine inataka neno. Malori matatu yamejaa hapa, viazi vinapata joto chini ya turubai, wenye mali wananipigia kelele. Neno gani? Ova."

"Haji, nakuja mwenyewe. Ova."

"Vitakuwa vimeoza. Taja neno. Ova."

Nilimtazama Sanga. Sanga akatazama usukani. Nikafumba macho.

"Mzee blanketi. Ova."

Redio ikakoroma kidogo, kisha ikasema, "Unaunganisha au unaacha nafasi? Ova."

"Unaunganisha, Haji. Ova."

Tukasubiri. Mzee yule huandika kwa kidole kimoja.

"Imefunguka," akasema. "Wape pole na harusi. Ova."

Ndipo madereva wakaanza. Mmoja yuko Mafinga, mwingine sijui wapi, wote wanabonyeza redio wanacheka. Hata mchungaji aligeukia upande wa jiko mabega yakimtikisika. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Jumatatu nilimkuta Haji ofisini na shati tupu. Koti halipo. Nje kuna ukungu, yeye anatetemeka, kikombe cha chai kinagonga kisahani. Hapo kicheko kilinikauka. Nilikuwa nimempokonya mzee wa watu joto lake. Nikapiga magoti, nikaomba radhi huku nalia.

"Inuka," akasema. "Nionyeshe namna ya kubadili neno."

Nikamwonyesha. Akaniambia nigeuke nitazame ukuta. Kidole kikagonga taratibu. Kisha akawaita mmoja mmoja akawanong'oneza: mhasibu, madereva, mama wa usafi. Wote isipokuwa mimi.

Ofisi ya Njombe akapewa mhasibu. Mimi nikabaki Makambako, fundi wa mashine nzima, kila asubuhi nasimama mlangoni nikisema, "Naombeni mnifungulie." Njia ya kulivunja lile neno nilikuwa naijua. Sikuthubutu. Nilimpelekea mke wa Haji maneno ya kuomba radhi, na baada ya siku chache koti likarudi mabegani, nikashukuru.

Kwa hiyo wewe unayeshika ufunguo wa ofisi, wa stoo au wa kompyuta, na unafurahia watu wakikuomba, acha leo. Wape wenzako, uende harusini kwa amani.

Nilipoacha kazi ili niolewe, Haji aliniita kwenye mashine. "Haya, leo fungua mwenyewe." Akanitajia neno polepole, koti limefungwa hadi shingoni.

Lilikuwa dadasubiri. Kumbe ndivyo walivyokuwa wakiniita siku zote.