Mlango wa Bi Verla

Verla Kinser alizaliwa Loogootee, kusini mwa Indiana, ambako mtu akikuona unakuja kutoka ng'ambo ya maegesho ya magari husimama na mlango mkononi akikungoja, nawe inakubidi ukimbie usije ukamchosha. Watu wa huko ndivyo walivyo, na dawa yao haijapatikana. Verla aliwazidi wote. Alipokuwa na miaka tisa mama yake, Bi Opal, alimwambia ashike mlango wa kanisa siku ya mazishi ya shangazi. Akaushika. Wakaingia wafiwa, wakaingia majirani, wakaingia waliochelewa, na hata wawili waliopotea njia tu, naye akabaki pale na baridi ya Februari mpaka jeneza likatoka. Nalo akalishikia mlango.

Alipokua aliunganisha televisheni kiwandani mpaka kiwanda kikahamia Meksiko, kisha akapika kwenye shule ya msingi. Alikuwa na miaka hamsini na saba bahati ilipomkumbuka. Vyuo vikuu vinne vya eneo lile vilishikana mikono na jeshi la majini kutengeneza chipu za rada, na chuo cha jirani yake kikapewa uongozi. Msiniulize jeshi la majini linatafuta nini katikati ya mahindi, mwendo wa siku nzima kutoka baharini. Liko hapo tangu zamani, na wenyeji wamelizoea.

Chipu hizo hutengenezwa ndani ya chumba kisichotakiwa vumbi hata la dawa, na Verla akapewa kiti mlangoni. Alikagua mavazi meupe ya kila anayeingia. Aliwafuta maprofesa wanja, aliwarudisha wavuta sigara nje wakapumue kwanza, na mwanamume mmoja mwenye ndevu kama ufagio alimfunika kwa vitambaa viwili. Aliipenda kazi ile kuliko kazi zote alizowahi kufanya, maana kwa mara ya kwanza watu wenye shahada tatu walimsikiliza.

Walimsikiliza kwa yote isipokuwa mlango. Milango yenyewe ilikuwa miwili, ya kusukuma kwa mkono, na katikati yake kijumba cha upepo wa kupuliza vumbi. Wa nje lazima ufungwe ndipo wa ndani ufunguliwe. Sasa mwambie mtu wa Indiana aachie mlango wakati mwenzake yuko nyuma! Na Verla mwenyewe hakuweza kumfungia mtu usoni. Alikuwa akisema, "Samahani jamani, kama hamtajali, labda tungeufunga kidogo?" Sentensi ikiisha, vumbi limeshaingia na kupata pa kukaa.

Masika ya mwaka wake wa sita kazini, kihesabu vumbi kilichoning'inia juu ya mlango kilipita kikomo cha mia moja mara mbili, na chipu za mwezi mzima zikatupwa. Profesa Kulkarni, mkuu wa ushirika ule, alimwita ofisini. Alikuwa ametoka Pune, India, miaka ishirini na sita iliyopita, na kwa adabu za Indiana sasa aliwashinda waliozaliwa hapo.

"Kaa, Verla. Hapana, si hicho, kinayumba. Chukua changu. Yaani sijui nianzeje."

"Anza tu, Dokta."

"Ikitokea mara ya tatu, sitaweza kukutetea. Wenzetu wanataka tulete lango la umeme. Linajifungua, linajifunga."

"Na mimi?"

"Watakupeleka maegesho ya magari. Ukaandike faini."

"Niwaandikie faini watu wa mji huu? Dokta, mchungaji wangu anaegesha vibaya kila siku!"

"Najua," Kulkarni akasema kwa huzuni. "Mimi pia."

Wiki mbili baadaye wakaja wageni. Walikuwa maprofesa wa vyuo vile vingine vitatu na Kapteni Trujillo wa kambi ya jeshi, wamekuja kutazama chipu mpya zikiwa bado ndani ya mtambo. Verla aliwavika, akawakagua, akajiombea. Kulkarni akafungua mlango wa nje.

"Kapteni, tangulia."

"Hapana, hapana. Waliotoka mbali kwanza."

"Haiwezekani," akasema profesa wa Ohio. "Akina mama kwanza."

"Mimi mwendo wangu wa kobe," akasema profesa wa Michigan, naye ndiye mama pekee kati yao. "Piteni nyie, mimi nawashikia."

Basi wakawa watu wanne wameushika mlango mmoja, profesa wa tatu akingoja nyuma yao, na hakuna anayepita. Royce, fundi wa mitambo, alikuwa tayari kwenye kile kijumba cha upepo. Alipoona wageni wanahangaika alifanya alivyofundishwa kwao: alifungua mlango wa ndani na kuuzuia kwa mguu, ili wakija wasipate taabu. Milango yote miwili ikawa wazi. Kihesabu kikasoma sitini, kikasoma themanini.

"Samahani jamani," Verla akasema, "kama hamtajali..."

"Hatujali kabisa, Bi Verla!" wakamjibu kwa pamoja, na mlango wameukamata vilevile.

Themanini na tisa. Akilini Verla alimwona mchungaji wake akipokea karatasi ya faini. Akamwona na Bi Opal kwenye ngazi za kanisa, kidole juu. Tisini na nne. Liwalo na liwe! Alimkamata Profesa Kulkarni ukosi akamvuta nje, akampiga kumbo wa Ohio, akapaza ile sauti ya kiwandani ambayo haikuwa imetoka tangu enzi za televisheni: "Royce, toa mguu!" Kisha akausukuma mlango kwa bega, nao ukagota kwenye pua ya Kapteni Trujillo.

Kihesabu kilifika tisini na tisa, kikasita, kikaanza kushuka.

Jambo kama lile halikuwahi kuonekana Indiana. Verla alianza kulia. Alimwomba radhi kapteni mara nne, Kulkarni mara mbili, na mlango mara moja.

"Mama," kapteni akasema, ameshika pua, "nimekaa kwenye nyambizi miaka kumi na tisa. Kule mlango ukingoja adabu, wanaokaribishwa ni samaki. Tangu nihamie hapa nateseka, hujui tu! Jana nimeshika mlango wa duka dakika kumi na moja, sikujua hata nitokeje."

Kulkarni alitoa mfukoni karatasi yenye picha. "Tulikuwa tunafikiria lango la umeme, Kapteni."

"Linaweza kumkamata profesa ukosi?"

"Haliwezi."

"Basi mwacheni huyu hapahapa. Na wiki ijayo aje kambini atufundishe."

Wakaingia mmoja mmoja, wala neno "tangulia" halikusikika tena.

Mchana palikuwa na pai ya krimu na sukari, na kama kawaida kilibaki kipande kimoja ambacho hakuna aliyethubutu kukimaliza. Wa Ohio alikata nusu. Wa Michigan akakata nusu ya nusu. Kulkarni alikuwa anakinyemelea na kisu Verla alipokichukua kilichobaki, mbele ya macho yao, akakifunga kwenye kitambaa. Alimpelekea mama yake, ambaye alikuwa na miaka themanini na saba na aliishi kwenye nyumba ya wazee.

"Mama, leo nimemfungia mtu mlango usoni."

Bi Opal aliacha kutafuna. "Alikuwa na mzigo?"

"Hapana."

"Mgonjwa?"

"Kapteni wa jeshi, Mama. Mzima, mikono mitupu."

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha! Siku ile kanisani, mazishi ya shangazi..."

"Nilikwambia umshikie bibi yako mlango, alikuwa na fimbo. Bibi yako mmoja, Verla. Sikukwambia mji mzima." Alilamba kijiko polepole. "Halafu nikakungoja. Nilikuwekea nafasi ubavuni kwangu, nikaweka mkoba juu yake isichukuliwe. Ibada nzima."

Verla alibaki amesimama mlangoni, miaka yake sitini na mitatu yote. Mkoba wa mama yake ulikuwa kitandani, kando yake. Bi Opal akausogeza.

"Basi njoo ukae," akasema. "Na ufunge mlango, upepo unaingia."